Nyuzi Kwenye Mkojo wa Mama

Mama alikuja Bariadi kutoka Zagayu akiwa na homa na maumivu ya kiuno. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, maabara ya hospitali, na mkojo wake niliupima mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine ashike kile kikopo.

Kwenye hadubini niliona nyuzi ndefu, nyembamba, zimelala huku na huku. Bakteria wa mkojo niliowazoea ni vijiti vifupi. Nikaandika: fangasi. Daktari akaamini nilichoandika, akampa dawa ya fangasi.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta anatetemeka chini ya mablanketi mawili.

"Mwangaluka, Mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

Aliniangalia kana kwamba hanijui.

Nilichukua mkojo mwingine, nikamwomba mkuu wa maabara, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aangalie.

"Ule wa kwanza uliupaka rangi?" akauliza.

"Hapana, mama."

Akaupaka yeye. Nyuzi zikatoka nyekundu.

"Fangasi wangekuwa zambarau. Hawa ni bakteria. Mgonjwa alikunywa dawa gani kabla ya kuja?"

"Amesema hajanywa kitu."

"Kamuulize vizuri. Dawa ikiwa kidogo haiwaui, inawazuia tu kugawanyika. Kijiti kinarefuka, kinarefuka, hakikatiki. Dawa ikiisha mwilini, kinajikata vipande na kila kipande kinaanza kuzaa."

Nilikwenda kwa daktari. "Nilikosea," nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Saa ileile Mama akaanzishiwa sindano za kuua bakteria.

Bakteria wa ule mkojo tuliwaotesha kwenye sahani ya maabara isiyo na dawa. Kesho yake nikawatazama tena: walikuwa vijiti vifupi, wengi mno, kana kwamba hakuna kilichowapata. Niliogopa. Nilikuwa nimesoma mambo hayo chuoni na kuyajibu kwenye mtihani, lakini sikuwahi kuyafikiria ndani ya mwili wa mtu ninayemjua.

Homa ilishuka baada ya siku mbili. Mama alipoweza kukaa na kunywa uji, nikamuuliza tena kuhusu dawa.

"Zile za rangi mbili," akasema. "Kiuno kikiuma nameza moja, hata hapa wodini, kinatulia. Nilikuwa nazibana zisiishe."

"Ulizipata wapi?"

Akanishangaa. "Si wewe uliniletea, mwaka jana nilipougua kifua?"

Ni kweli. Nilimwambia azimalize zote. Sikumwambia kwa nini, na sikurudi kuuliza kama alizimaliza.

Alipona, akarudi Zagayu kwenye pamba yake. Ndugu zangu hunishukuru kwa kumwokoa. Habari ya fangasi sijawaambia. Siku hizi nikiona uzi mrefu kwenye slaidi, naacha kiti, naenda wodini kumuuliza mgonjwa amemeza nini. Wengi hunijibu kwamba hawajameza kitu. Nakaa hapohapo kitandani, nauliza tena.