Shamba la Consolata Huko Juu

Mdogo wangu Consolata amezaliwa na ubishi. Ukimwambia kitu hakiwezekani, umempa kazi. Mimi nauza chakula Makorora, hapa Tanga mjini, yeye anafundisha chuo kimoja Raskazone, lakini sote tumesomeshwa na mwani wa kijijini kwetu Moa. Mama yetu, Beatrisi, anaufunga kwenye kamba baharini hadi leo. Consolata alipokwenda kusoma, Mama alisema amelikimbia shamba, na neno hilo lilimkaa mdogo wangu moyoni.

Basi miaka hii maji yamezidi joto, mwani unageuka mweupe na kukatika. Consolata akataka kujua: unakatwa na joto peke yake, au joto linaudhoofisha kisha mawimbi na uzito wake mwenyewe vinamalizia? Nikamwambia autie kwenye ndoo, mawimbi hakuna. Akacheka.

"Dada, ndooni bado una uzito. Nataka mahali ambapo hakuna kinachouvuta."

Mahali penyewe ni kwenye maabara inayozunguka dunia huko juu angani, ambako kila kitu kinaelea. Nikajua kachanganyikiwa. Kule ni kwa wenye maroketi yao, si kwa wajukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Kumbe kuna jumuiya imekodi nafasi, inawagawia wanasayansi wa nchi zisizo na roketi: sanduku moja, watafiti wengi, kila mmoja na kijumba chake cha ukubwa wa kibiriti na kamera ndogo ya kutazamia. Kama sisi tunavyochangia gari la mizigo. Aliomba akakataliwa, akaomba tena, akapata.

Kijumba kikapanda na mbegu ya mwani ndani, yaani kipande kibichi cha kupandia, kaifunga kambani Consolata mwenyewe. Tukakaa mgahawani kwangu kungoja picha kwenye simu yake. Ikaja picha ya kijani tupu, kama mtu kabandika jani kwenye kioo. Ya pili hivyo hivyo. Zote hivyo hivyo. Akazirudia moja moja, halafu akasema polepole, "Nimeilegeza."

Alikuwa ameifunga kama Mama alivyotufundisha: kitanzi kilegevu, mwani upate nafasi ya kunenepa, maana ukikaza kamba inaukata. Huku kwetu bahari inauvuta, unatulia mahali pake. Huko juu hakuna kinachovuta. Mbegu ikaelea, ikaenda kuziba kamera, na hakuna aliyeweza kuona kama imekatika au haijakatika.

Niliumia mimi kuliko yeye. Wahenga wanasema kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini njia ya kule nilidhani mtu wa kwetu hupewa mara moja tu.

"Sema kamera iliharibika," nikamshauri. "Nani atapanda kuangalia?"

"Nikiisingizia kamera, watatengeneza kamera, na mwani wangu utaendelea kuelea."

Akawaambia ukweli watafiti wenzake wote, kwa mtandao, mimi nikiwa jikoni nagonga masufuria kwa hasira. Wakubwa wanaangusha maroketi mazima na bado wanaitwa mabingwa. Sisi tukikosea fundo moja, basi, hatufai. Hilo ndilo lililonichoma.

Wale wa jumuiya wakampa nafasi tena. Walisema ndiyo maana wanagawana gharama, ili mtu akikosea aweze kurudi. Nililia, sikatai.

Jumapili iliyopita Mama alikuja kutoka Moa na mbegu mpya kwenye ndoo ya maji ya bahari. Consolata akampa shikamoo, akamwomba aifunge yeye, kwa kuwa hakuna mkono kama wake, ila akaze sana. Mama akafunga. Ikalegea. Akafungua, akafunga tena, vidole vikaacha nafasi ile ile.

"Kaza, Mama."

"Mkono haukubali, mwanangu." Akaitazama ile mbegu, kisha akamsogezea kamba. "Funga wewe. Hilo shamba ni lako, mimi huko sijawahi kulima."

Consolata ilibidi afute macho kwanza ndipo aione kamba.