Kopo Lililozunguka Gizani

Miaka ile nilikuwa nikifundisha saikolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, na somo nililolipenda kuliko yote ni lile la kwa nini watu husaidiana. Niliandika ubaoni: tunasaidia ndugu kwa sababu ya damu; tunasaidia jirani tukitegemea naye atatusaidia; na tunasaidia zaidi tukijua tunatazamwa. Wanafunzi wakanakili, nami nikajiona nimelimaliza jambo.

Halafu majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia kwetu bega kwa bega, yakaanza kupigania mji kana kwamba sisi hatumo ndani yake. Bomu lilipoanguka mtaani kwetu Makiso, nilimbeba binti yangu mdogo, mama yake akabeba bidoni ya maji, tukakimbilia depo, ghala la bidhaa la jirani yetu, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini. Kuta zake zilikuwa nene na haikuwa na dirisha. Tulikuta familia nyingine zimebanana kati ya magunia ya chumvi. Mlango ukifungwa, hata mchana huoni mkono wako.

Baadaye mlango ukagongwa. Alikuwa Mwislamu mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Yeye na mwenye depo walikuwa wakinyang'anyana wateja miaka yote, na hawakusalimiana. Sote tulimsikia mwenye depo akishika komeo, akaliachia. Kisha akafungua.

"Ingia, papa. Inje utakufa bure."

Mabomba yalikuwa yamekauka, na mto ulikuwa upande wa risasi. Maji ya kila familia yaliwekwa pamoja kwa mke wa mwenye depo. Kopo lilizunguka, kila mtu funda moja. Ikafika saa ambayo lilijaa kopo moja tu, la mwisho. Binti yangu alikuwa anaungua kwa homa. Midomo ilikuwa imepasuka, na tangu jana yake hakuwa amekojoa. Mabomu niliyaogopa, lakini hilo la kutokojoa nililiogopa zaidi.

"Prof, mutoto wako atakunywa wa mwisho," alisema yule mama. "Homa isipite kwa wengine. Ni vile tunafanyaka."

Nilitaka kumfokea, nikaogopa tutatolewa nje. Basi nikakaa nikisikiliza kopo likija. Gizani mtu anajulikana kwa koo lake. Niliwasikia wakimeza mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemeza nilimchukia. Yule wa ng'ambo ya barabara alimeza kwa kishindo, nikamtukana moyoni mpaka na ukoo wake.

"Papa, mayi," binti yangu alisema.

"Iko inakuja."

Mke wangu akameza, akanipa kopo. Lilikuwa zito. Niliingiza kidole, maji yakanigusa karibu na ukingo. Nilidhani ni homa imenipanda na mimi. Ndipo nikaelewa kwamba wote walikuwa wamemeza mate yao tu. Nikaliweka kopo mdomoni, nikameza mate kwa sauti, nikampa mtoto.

Tangu siku ile nimejaribu kulieleza. Hatukuwa damu moja, hakuna aliyetuona, na hakuna aliyetegemea kuishi hadi alipwe wema wake. Labda watu wa kale walioficha maji porini walibaki peke yao wakafa, nasi ni uzao wa waliopitisha kopo. Labda. Lakini wale wa nje wenye bunduki nao ni uzao wa hao hao, na hilo bado linaniogopesha.

Binti alikunywa yote. Nilimpakata, nikangoja, huku kuta zikitikisika. Mwishowe nikasikia uvuguvugu ukinilowesha mapajani.

"Amekojoa," nikasema.

Mama yake akaangua kilio. Kutoka kwenye magunia ya chumvi, yule wa ng'ambo ya barabara akasema, "Alhamdulilahi."

"Amina, papa," mwenye depo akamjibu.

Kisha bomu jingine likaanguka karibu zaidi, na mkono wa mtu nisiyemjua ukanishika begani, ukabaki hapo.