Kichwa cha Moma katika Kapu la Viazi

Siku ya kwanza ya kibarua changu cha likizo ya shule niliripoti kambini Mkokoni na makubadhi mapya, nikinukia marashi ya mama. Nyapara alinitazama kutoka juu hadi chini. "Umekuja kupima ardhi au kuposa?"

Nyinyi wa madarasa ya chini hamjui kazi, basi sikizeni sisi tuliostaafu. Bwana Mpima, Mzungu wa Serikali ya Malkia, alichungulia kwenye darubini. Sisi tulifyeka mkuza, yaani ndia nyembamba iliyonyooka msituni, ili mnyororo wa kupimia upite.

Nyoka tulifunzwa na Nyapara. Moma ni mnene, mfupi, kichwa kipana, alama kama mishale mgongoni. Hakimbii, hulala akingoja ukanyage. Swila hutanua shingo, na yuko atemaye sumu machoni. "Usiyemjua, mpishe," alisema. "Gonga fimbo kabla ya kutia mguu. Akiuma, ulale utulie ubebwe. Na hospitali iko Amu, siku nzima baharini."

Siku ya nne, chini ya rundo la makuti, tukakuta moma. Nyapara akamkata kichwa kwa panga, akanigeukia. "Kizike, wewe. Usikiguse."

Kichwa bila mwili kitamfanya nini mtu? Nikakisukuma kwa kijiti hadi ndani ya kifuu, nikakimwaga katika kapu la viazi la mpishi, Mzee Shee, aliyekuwa akiniita bwana harusi tangu nifike. Nikakaa kungoja ukelele wake.

"Umekizika?" Nyapara akauliza.

"Tayari, Bwana Nyapara."

"Vyema. Moma aliyekatwa bado huuma. Ndugu yangu alikufa hivyo."

Mzee Shee alikuwa ameshainamia kapu, akijiimbia.

"Mzee Shee! Toa mkono! Toa!"

"Una nini, bwana harusi?" Mkono ukasimama hewani.

Nyapara alininyang'anya fimbo yangu akaitia kapuni. Tak! Alipoiinua, kichwa kilikuwa kimeing'ata, ute wa manjano unachuruzika.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mzee Shee alikaa mchangani akitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu aliyerudishiwa.

Asubuhi yake nikastaafishwa. Nilipopanda mashua ya kurudi Amu, Mzee Shee akanipa ile fimbo, ina vitundu viwili. "Cheti chako hicho," akasema. Hakuniita bwana harusi tena.

Nyumbani Wiyoni, mtaani kwetu Amu, mama aliuliza, "Mbona mapema?"

"Nimestaafu, mama."

Kila asubuhi nagonga makubadhi kwa fimbo ile kabla ya kuvaa. Mama hucheka. Mimi, mcheshi wa darasa zima, sicheki.