Ngazi za Mwanamke wa Jego

Mume wangu alikufa akaacha ngazi za mwanamke mwingine.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Lakini ndivyo nilivyoipokea, kwa simu, asubuhi nikiwa nachambua mchele.

"Madam, pole sana na msiba," sauti ilisema. "Ni Jacktone, fundi wa kuchomelea hapa Ukunda. Zile ngazi za yule mama ziko karibu kuisha. Sasa nani atakuja kuzichukua?"

"Mama yupi?"

"Eh... basi madam, tutaongea ukikuja."

Akakata.

Nikaendelea kuchambua mchele. Nilitoa mawe mawili na punje moja nyeusi. Hiyo naikumbuka vizuri kuliko siku ya maziko.

Jina langu ni Biasha. Marehemu mume wangu, Suleiman, alikuwa dereva wa watalii Diani. Alianguka msikitini baada ya swala ya alasiri. Presha. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ameshatutoka. Tukamzika kwao, Msambweni, asubuhi yake.

Sikulia.

Wako waliosema nina moyo mgumu. Wako waliosema ni imani, mashaallah, angalieni anavyosubiri. Mimi nilijua si hili wala si lile. Nilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi. Unauona. Unajua ni wako. Ukiufinya, husikii kitu.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Niliingia nikiwa hivyo, nikatoka nikiwa hivyo hivyo. Simu ya Jacktone ilikuja siku ya tatu baada ya kutoka.

Niwaeleze hizo ngazi ni za nini.

Kuna mzungu aliyerudi kwao akamwachia Suleiman pikapu yenye kijumba mgongoni. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sinki na madirisha mawili. Wenyewe huzunguka nacho nchi nzima, wanalala humo humo. Suleiman alitaka kuwakodishia wageni, nami nikaamua kuliendeleza wazo lake.

Kilipungua kitu kimoja. Ngazi za kupandia mlangoni zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi, zikakatika. Na mlango uko juu. Bila ngazi, unaingia kwa kujivuta kama mtu anayepanda mnazi.

Wageni wa kwanza, mtu na mkewe kutoka Nairobi, walikuwa wafike Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nikaenda na pikapu yenyewe. Kuendesha nilifundishwa na Suleiman.

Jacktone ni mtu wa Siaya, mrefu, ana makovu ya cheche mikononi. Aliponiona akavua miwani yake ya kuchomelea, akaanza kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nionyeshe," nikamwambia.

Akanionyesha kwanza za kawaida, zilizotundikwa ukutani. Za kukunja mara mbili, zinaingia chini ya gari. Za kuvuta kama droo. Za kuning'iniza kwa kulabu, nyepesi, unazibeba kwa mkono mmoja.

"Hizi ndizo watu wa safari hupenda," akasema. "Mlango wako uko sentimita themanini na nne kutoka chini. Unaweka vipandio vitatu, kila kimoja sentimita ishirini na moja. Mtu mzima anapanda bila shida."

"Na zile?"

Alijua zipi.

Zilikuwa zimeegemea mlango wa nyuma. Kubwa. Vipandio vitano, vipana, unaweza kuweka miguu yote miwili juu ya kimoja ukapumzika. Bati la vitobo ili mchanga udondoke. Upande wa kulia kulikuwa na chuma cha kushikilia, kimezungushiwa mpira. Kwenye mlango, kwa chaki, kulikuwa kumeandikwa: MAMA – 14.

"Hizo ni order ya mzee," Jacktone akasema. "Nilimwambia, boss, hizi haziingii chini ya gari, itabidi uzilaze ndani, zitakula nafasi yote. Hakuna mtu huchagua hizi. Akasema, tengeneza vile nimekuambia. Kila kipandio sentimita kumi na nne. Isizidi hata nusu."

"Kwa nini kumi na nne?"

Akatazama viatu vyake.

"Madam, mimi ni fundi tu."

"Jacktone. Aliyekuwa akinificha keshazikwa. Wewe sema."

Akasema.

Siku moja Suleiman alimchukua yeye, fundi, mpaka Msambweni, nje ya geti la hospitali. Mwanamke akatoka, buibui na ninja, macho tu ndiyo yanayoonekana. Anatembea polepole, ameshika kiuno. Suleiman akamshika mkono. Jacktone akapanga matofali na vipande vya mbao, akawa anaongeza kidogo kidogo, mwanamke anajaribu kuinua mguu. Ilipofika kumi na tano, akashindwa. Wakarudi kumi na nne.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hawa mama zenu wa buibui, miaka siwezi kujua. Hata hakuongea na mimi. Mzee ndiye alikuwa anamwambia pole pole, pole pole."

Hospitali. Ameshika kiuno. Mguu hauinuki.

Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha hesabu hiyo. Mume wangu alikuwa na mke mwingine, na mke huyo alikuwa mjamzito. Sasa atakuwa amejifungua. Mimi na Suleiman miaka tisa hatukujaliwa.

Nilingoja niumie. Nikangoja kabisa, nimesimama hapo, kama mtu anayengoja chafya.

Haikuja.

"Zikate," nikasema. "Chuma hicho hicho nitengenezee za vipandio vitatu."

Jacktone hakugusa kitu.

"Madam, chuma nikishakata siwezi kurudisha kama kilivyokuwa. Lala nalo hilo neno. Kesho ukiniambia kata, nitakata."

Nikaondoka.

Nyumbani nilitoa simu ya Suleiman kwenye kabati, nikaichaji. Sikuwahi kuipekua, wala hai wala maiti. Kwenye orodha ya waliopigiwa kulikuwa na jina moja linalojirudia kila Jumatano, siku aliyokuwa akiniambia anawapeleka wageni Shimoni.

Jina lilikuwa: Jego.

Nikapiga kwa simu ile ile.

Ikapokewa na sauti ya msichana. Akauliza kwa kunong'ona:

"Nani anapiga kwa simu ya marehemu?"

"Mkewe."

Nikasikia akivuta pumzi.

"Tumekungoja sana," akasema. "Ukifika Jego ulizia kwa Twaiba, hapo karibu na kisima cha pampu. Njoo, dada. Tafadhali."

Twaiba. Sasa nilikuwa na jina. Na ameniita dada, jeuri iliyoje!

Asubuhi nilirudi kwa Jacktone, nikamwambia azimalizie na kuzipakia kama zilivyo. Nilitaka kumbwagia mwanamke huyo ngazi zake mlangoni pake, nimwambie haya, chukua urithi wako, kisha nirudi kununua za kulabu.

Aliniitikia tu. Akazilaza ndani ya kijumba, kando ya kitanda, akazifunga kwa kamba zisigonge.

Nikaendesha. Msambweni nilipita bila kugeuza shingo kuelekea makaburini. Ramisi, miwa pande zote. Lunga Lunga nikakata kushoto kuelekea Vanga. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia. Yalikuwa maneno makali, lakini nilipoyarudia kichwani yalisikika kama ya mtu anayesoma tangazo.

Nyumba niliionyeshwa na mwanamke aliyekuwa akichota maji kisimani. Ya makuti, ua umefagiliwa, kuna banda la kuku.

Akatoka msichana mwembamba, kama miaka ishirini. La kwanza nililotazama ni tumbo lake. Bapa. Nikasikiliza kilio cha mtoto. Hakuna.

"Wewe ndiye Twaiba?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, dada."

Sikuitikia.

"Hunijui kabisa?" akauliza. "Siku ya tatu ya matanga nilikaa kwenu mkekani, mbele yako. Nilikupa mkono. Hukuinua macho, nikashindwa kukwambia lolote."

Nikajaribu kukumbuka. Nikakumbuka mkeka tu.

"Mimi ni Twaiba wa mama mdogo Ummi. Ulikuwa ukinisuka nywele, kule kwenu Majoreni."

Na kabla sijajibu, kutoka ndani ikaja sauti:

"Twaiba, ni nani huyo?"

Sauti ile ningeijua hata kaburini.

Hadi hapa sijawatajia mama yangu. Sikukusudia kuwaficha. Ni kwamba kwa miaka tisa sikuwa nikimtaja kwa mtu yeyote, na mazoea yana tabu.

Mama alikuwa amenichumbisha kwa binamu yangu. Mimi nikamtaka Suleiman, dereva, mtu asiye na shamba wala ng'ombe. Mama akaniambia mbele ya watu, "Ukiolewa na huyo, mimi sikuzaa." Nikaolewa. Harusi yangu hakuja. Nikaifungia namba yake kwenye simu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, Suleiman alimtaja tukiwa tunakula. Nikamjibu, "Ukimtaja tena ndani ya nyumba hii, utanikuta nimefunga nguo zangu."

Hakumtaja tena.

Niliingia ndani. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, fimbo pembeni. Amekuwa mdogo. Nilimwacha mwanamke wa kubeba gunia, nikamkuta mtu wa kubebwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole na mumeo, mwanangu. Nilikupigia. Simu yako haiingii."

"Najua."

Twaiba ndiye aliyenieleza, kwa kuwa Mama hakuweza. Mwaka uliopita aliteleza, akavunjika nyonga, wakamhamishia hapa Jego kwa Twaiba. Suleiman akasikia, sijui kwa nani. Akaja. Mama akamfukuza. Akarudi, akafukuzwa tena. Mara ya tatu alikuja na pikapu, akamwambia, "Nitukane, lakini nitukane tukiwa njiani kwenda hospitali."

Tangu hapo, kila wiki akapiga simu, na kila ilipofika siku ya kliniki akampeleka Msambweni.

Kiti cha mbele kilimtesa. Nyonga haikukubali kukaa muda mrefu. Suleiman akawaza kile kijumba, kile kitanda, alazwe humo aje mpaka Ukunda bila maumivu. Lakini mlango uko juu, na mguu wa Mama hauinuki zaidi ya sentimita kumi na nne.

"Alisema ngazi zikiisha atanileta kwako," Mama akasema. "Nilimuuliza, Biasha anajua? Akasema bado."

"Kwa nini hakuniambia?"

Mama alinitazama. Hakunilaumu, na ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Alikuwa anakuogopa, mwanangu."

Basi.

Ningetaka kuwaambia hapo nilipiga magoti nikalia miezi minne yote kwa mpigo. Sikulia. Nilisikia kitu kidogo tu, kama ule mchomo wa kwanza mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi. Mchomo mmoja. Nikauliza choo kiko wapi, nikaenda nikanawa uso.

Nilipotoka nikaziteremsha ngazi.

Mama alipanda akishika chuma kwa mkono wa kulia, mimi nimemshika wa kushoto. Mguu mmoja, akangoja. Wa pili ukaja kando yake. Akapumzika. Kipandio cha tatu alisema, "Huyu mtoto alikuwa na akili." Sikujua anamsema Jacktone au Suleiman, sikuuliza.

Nilimlaza, Twaiba akakaa naye nyuma. Nikaendesha pole pole mpaka nyumbani.

Jumamosi wageni wa Nairobi walifika. Yule bwana alizitazama ngazi akacheka, akauliza kwa nini tumechagua nzito hivyo. Nikamwambia ni kwa ajili ya mtu wa kwetu. Alilala nazo pembeni ya kitanda, na alirudi salama.

Mama yuko nami hadi leo. Hatujawahi kuombana msamaha kwa maneno. Anakula ninachopika, ananitafutia makosa kwenye mchuzi, nami nimeacha kununa.

Dhana nyingine ni dhambi, tumefundishwa hivyo tangu madrasa. Mimi nilimdhania vibaya maiti. Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba alifanya wema kwa kujificha, kama mwizi, kwa sababu yangu.

Kwa hivyo wewe uliyesoma mpaka hapa, weka simu chini. Muulize unayeishi naye: kuna jambo unaogopa kuniambia? Ukishauliza, nyamaza. Usijitetee. Msikilize mpaka amalize.

Wa kwangu yuko Msambweni, makaburini. Nikimuuliza, jibu lake ni kimya.