Tembre ya Kahawia

Mke wangu alipofariki, ndugu zake wa Beni walikuja Butembo kulia pamoja nasi, kisha wakarudi kwao. Wiki chache baadaye kaka yake mkubwa alikuja tena, peke yake, na chupa ndogo ya maji ya oksijene mfukoni mwa koti. Ni dawa ya kuoshea vidonda, kila duka la dawa linayo. Nilijua mara moja kwamba ameileta kwa sababu ya tembre.

Tangu tulipooana, mimi na mke wangu tulikusanya tembre za zamani, zile stempu tulizobandua kwenye bahasha za misioni na za wafanyabiashara. Miongoni mwake zilikuwamo kadhaa za rangi ya machungwa, zote mchoro mmoja, mihuri imefifia. Moja tu kati ya hizo ilikuwa kahawia. Mke wangu aliuza vitenge sokoni miaka mingi, akaweza kutenganisha nyekundu mbili ambazo kwangu zilikuwa moja. Alisema mchapaji alikosea wino, na kwamba ile haina mwenzake. Mimi nilisema ni moshi. Majira ya mvua alikuwa akizikausha kwenye ungo juu ya meko, na machungwa ya zamani hugeuka ikikaa na moshi. Tone la oksijene lingetuamulia: rangi iliyoharibika hurudi, iliyochapwa hivyo hubaki.

"Muzee, macho yako ni ya kusoma Biblia," alikuwa akiniambia. "Mambo ya rangi, achia benye kuuzisha vitenge."

"Basi tujaribu, mama."

"Nikiwa muzima? Hapana!"

Hata alipokuwa hainuki tena kitandani, siku moja nilimaliza kumsomea zaburi, nikafunga kitabu, naye akauliza kwa sauti ndogo, "Na tembre yangu, ungali unaitukana?"

Shemeji alimaliza chai, akaweka chupa mezani.

"Leo tutajua. Nataka nirudie Beni niambie batoto: shangazi yenu alikuwa na haki."

"Na kama alikosea?"

"Dada yangu? Kwa rangi? Lakini shemeji, weye unavaa soksi mbili hazifanane, tena siku ya Mungu!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Sikumwambia kwamba safari hii mimi pia nilikuwa naomba nishindwe.

Tuliisogeza meza mlangoni, kwa kuwa mwanga wa taa hudanganya. Nikapanga zile za machungwa juu ya karatasi nyeupe, ya kahawia katikati. Shemeji alichovya kijiti chenye pamba, akagusa pembe moja. Barabarani pikipiki zilikuwa zinapanda kilima. Tulingoja. Pembe ile ikaanza kupauka, halafu machungwa ikatokea chini yake, safi kabisa.

Shemeji alichovya tena, akagusa pembe ya pili, kisha ya tatu, kisha katikati, akitafuta mahali ambapo kahawia ingekataa kutoka. Kila alipogusa, ilitoka, hadi tembre nzima ikawa ya machungwa.

"Ni moshi," alisema mwishowe.

"Ni moshi wa jikoni kwake."

"Acha tu, shemeji." Alivua kofia, akajifuta uso nayo.

Nimefundishwa tangu utoto kushukuru kwa kila jambo, nami nilimshukuru Mungu kwa mwanamke aliyebishana nami maisha yote bila hasira. Lakini nilikuwa nimeshinda, na mtu wa kunikatalia hayupo.

Tembre ilipokauka niliichanganya na wenzake. Shemeji akaniomba maji ya kunawa, nikamletea. Niliporudi mezani nilitaka kuitazama tena. Nikainamia karatasi, nikavaa miwani, nikazisogeza moja moja kwenye mwanga. Sikuweza tena kujua yake ni ipi.