Magunia ya Kahawa Mpaka Ubelgiji

Kwa miaka mingi nilikuwa na lori moja, na kazi yangu ilikuwa kubeba kahawa kutoka Bwera na kuipeleka stesheni ya reli Kasese. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni hiyohiyo, kwa hiyo watu walijua naweza kujumlisha safu ndefu za tarakimu bila kuhesabu kwa vidole. Ndiyo sababu mteja wangu mmoja, mama mfanyabiashara wa Bwera, aliniita ndani siku moja ya soko, akanipa kiti, akaweka mbele yangu daftari jipya la shule.

"Papa, wewe unajua hesabu," alisema. "Uniandikie safari ya Ulaya. Hapana ya kimasikini. Ile ya bazungu benyewe."

Alikuwa mjane Mkongo, Mkatoliki, kwao Butembo. Alivuka mpaka kwa miguu wakati wa vita vya kwao, akiwa na sufuria mbili na picha ya Bikira Maria. Bwera alianza na maandazi, akaingia kwenye chumvi ya Katwe, na mwisho kahawa. Wakati ninaousimulia, miaka ya sitini ikielekea kwisha, stoo yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu, jambo ambalo mke wangu alilitaja mara kwa mara.

Nilimuuliza anakwenda kwa nani. Akanieleza kwamba miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa madamu mmoja wa Kibelgiji, ambaye mume wake alisimamia shamba la kahawa karibu na Butembo. Mwaka wa uhuru wao, madamu alikimbia. Alimwachia mpishi wake funguo za nyumba na kumwambia kwamba siku akifika Ubelgiji, nyumba yao ni nyumba yake.

"Alisema vile motokaa ikiwa inanguruma," aliniambia. "Lakini alisema."

Basi nilidhani anataka kwenda kumtembelea, na nikaanza kuandika tiketi na zawadi. Akanisimamisha. Hakutaka kulala kwa madamu. Kulikuwa na hoteli moja kubwa huko Ubelgiji, mjini kwa kina madamu, ambayo alikuwa akiisifu kila alipokuwa na wageni, kwa kuwa ndiko alikofanyia karamu ya harusi yake. Mama alizisikia sifa hizo miaka kumi na miwili akiwa amesimama na sahani mkononi. Sasa alitaka kulala katika hoteli hiyo, siku kumi, chumba chenye bafu lake, na siku mojawapo amwalike madamu chakula cha jioni.

"Nataka akuje kwangu," alisema. "Akae, bamuletee chakula, na mimi ndiye nitalipa."

Niliandika "chakula cha jioni" na kuacha nafasi ya bei.

Hatukujua bei ya kitu chochote, kwa hiyo niliandika barua kwa hoteli ile, kwa Kiingereza cha reli, nikiuliza gharama za bibi mmoja. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Bahasha iliandikwa "Bwana Mkurugenzi", na mkuu wa posta wa Kasese akanipa mkono kabla ya kunikabidhi. Ndani mlikuwa na orodha ya bei za vyumba na orodha ya vyakula, zote kwa Kifaransa. Mimi sikuelewa kitu. Mama alikuwa na Kifaransa cha jikoni tu. Ukurasa wa vyumba ulimshinda, lakini wa vyakula aliusoma wote bila kukwama, na katika sehemu mbili alisema kwamba mchuzi ule hauendi na nyama ile.

Yeye hakuwaza kwa shilingi. Aliwaza kwa magunia. Tulikaa siku za soko, mizani ikipima kahawa uani, mimi nikigeuza faranga kuwa shilingi na yeye akigeuza shilingi kuwa magunia. Tiketi ya ndege, kiti cha mbele, ilikuwa sawa na bei ya lori langu, kama lori langu lingekuwa na matairi mapya. Nikamshauri achukue kiti cha nyuma, kwa sababu ndege yote inafika wakati mmoja. Akaniuliza kama mimi huwabeba abiria wa kibini, kando ya dereva, na wa juu ya magunia kwa bei moja. Nikaandika kiti cha mbele.

Kwenye hoteli pia nilijaribu kupunguza. Nilimwonyesha kwamba kuna chumba kisicho na bafu, nusu ya bei. Alisema alichota maji ya bafu la madamu miaka kumi na miwili na hajawahi kuingia ndani yake. Nikaandika chumba chenye bafu.

Niliweka mstari wa dharura, kama tulivyofundishwa stesheni. Akanitaka niufute.

"Dharura nilishamaliza," alisema, "ile siku natoka Butembo na miguu."

Lakini mstari mmoja aliuongeza yeye mwenyewe, na ulikuwa mkubwa kuliko akili yangu ilivyokubali. Ulikuwa bakshishi ya mtu wa kuhudumia meza. Nilipomwambia kwamba kwa fedha ile angeweza kula tena mara mbili, hakuinua sauti. Alisema mtu anayesimama nyuma ya kiti cha wengine wakila, miguu inamuuma, na hakuna anayejua. Halafu akaagiza mshumaa mmoja kanisani, mkubwa. Mimi ni Mwislamu, sikujua mishumaa yao inauzwaje, nikakadiria kwa bei ya dukani na kuzidisha kwa tatu.

Mke wangu alikuwa ameanza kuuliza kwa nini kahawa ya mjane mmoja inachukua mchana mzima kupakiwa. Nilimchukua Bwera akaone mwenyewe. Alisoma daftari lote, kisha akauliza mbona hakuna koti wala soksi, maana mtu hawezi kukaa kwenye bafu siku kumi. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeandika kila kitu isipokuwa baridi. Tangu siku hiyo alikuwa akija nami, na mistari ya nguo ikajaza ukurasa mzima.

Ilichukua misimu minne ya kahawa. Kaka yake aliyebaki Butembo alimtafutia pasipoti. Ruhusa ya kubadilisha fedha wakati ule ilikuwa bado inapatikana kwa mtu mwenye subira, na mama alikuwa nayo. Alimwandikia madamu kwa anwani iliyokuwa kwenye kadi za Krismasi, akimwambia siku, saa na jina la hoteli. Madamu akajibu kwa mistari miwili kwamba atakuja.

Aliondoka mwaka wa kabla ya jeshi kushika serikali. Nilimpeleka stesheni Kasese. Karani mpya dirishani alimtazama akampa tiketi ya daraja la tatu bila kumuuliza. Mama aliisoma, akairudisha chini ya kioo, akasema safari yake imeandikwa, na katika maandishi hayo hakuna la tatu. Alipanda la kwanza peke yake, akiwa na sanduku la ngozi na koti la sufu mkononi, katika joto la Kasese, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha.

Tulimtarajia baada ya wiki mbili. Siku ya tisa nilifika Bwera kuchukua mzigo nikamkuta uani anapima kahawa. Aliniambia nimalize kupakia kwanza. Nilipomaliza, tukaingia ndani, mke wangu akiwepo, akatusimulia.

Hoteli ilikuwa kama alivyoisikia. Alikuwa ametayarisha maneno makali ya kumjibu mlinzi wa mlango, na njiani aliyarudia mpaka yakanyooka. Mlinzi akamsalimu na kumbebea sanduku. Maneno yakabaki bila kazi. Chumba kilikuwa na bafu, akaoga mara mbili kwa siku kwa sababu limelipiwa. Hakuna aliyezungumza naye zaidi ya salamu. Siku ya pili alitafuta kanisa, akawasha mshumaa, na makadirio yangu yakaonekana yalizidi sana.

Jioni ya mwaliko alivaa vizuri, akashuka, akaketi kwenye meza ya watu wawili. Saa ya mwaliko ikafika, ikapita. Mhudumu alikuja mara tatu kumuuliza kama yuko tayari kuagiza. Saa nzima aliketi hapo akitazama mlango mkubwa, na alisema kwamba katika saa ile alimkasirikia madamu kuliko miaka yote kumi na miwili ukiijumlisha.

Halafu mhudumu akaja na kumwinamia. Alisema kuna bibi mmoja kwenye mlango wa nyuma, wa wafanyakazi, amekaa kwenye benchi muda mrefu, amelowa mvua, anamuulizia mpishi kutoka Kongo, na jikoni hawamjui mpishi kama huyo.

Madamu alidhani mama ameajiriwa pale. Aliiona barua, akaona jina la hoteli, akaelewa kwamba mpishi wake wa zamani amepata kazi nzuri na anamwalika aje jikoni apewe chakula. Alikuja kwa tramu. Alikuwa mzee kuliko ilivyopaswa, mumewe amekufa, mwenyewe anaishi katika chumba kimoja na jiko. Alikuwa na mfuko mkononi, na ndani ya mfuko mlikuwa na bakuli lenye kifuniko, la kubebea mabaki.

Mke wangu aliuliza alijisikiaje alipomwona.

"Sikusikia kitu," mama alisema. "Nilimuvua koti. Lilikuwa na maji."

Walikula. Madamu alikula kila kilicholetwa, na mkate, na siagi yote. Mama alikuwa na sentensi aliyoibeba kutoka Butembo, na ingawa hali haikuwa kama alivyoipanga, aliona kwamba asipoisema pale hataisema popote. Walipoletewa nyama, aliisema.

"Madamu, miaka kumi na mbili haukuniuliza hata siku moja kama nimekula."

Madamu aliweka uma chini. Akajibu kwamba alidhani mama anakula jikoni.

Hapo mama akatutazama mmoja mmoja, mimi na mke wangu.

"Na ni kweli," alisema. "Nilikuwa nakula jikoni. Nilikuwa nakula muzuri sana."

Wakaagiza cha mwisho, kitu cha mayai na sukari ambacho mama alisema alikuwa akikipika vizuri zaidi, na madamu, bila kuulizwa, akasema hivyohivyo. Mama alilipa. Aliweka bakshishi kama ilivyoandikwa. Mhudumu alimfuata mpaka kwenye ngazi akimrudishia, akidhani amekosea kuhesabu noti, ikabidi amweleze mara mbili kwamba zimehesabiwa na karani wa reli.

Kesho yake madamu alimwalika yeye. Mama alikwenda kwa teksi, akapanda ghorofa tano. Chumba kilikuwa safi. Aliambiwa akae, na alipoinuka kushika sufuria akaambiwa tena akae, akakaa. Madamu alipika viazi na samaki. Viazi viliungua chini na vilikuwa vibichi juu.

"Hajui kupika," mama alituambia taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Miaka yote ile, sikujua kama hajui kupika. Nilivikula vyote."

Baada ya hapo hakuona kitu kingine cha kumweka. Alikaa siku mbili zaidi, akaoga mara nne, akabadilisha tiketi akarudi. Hoteli ilimrudishia fedha za siku zilizobaki, na alipopita kumuaga madamu alimwachia fedha hizo ndani ya lile bakuli, chini ya kifuniko, bila kumwambia.

Tulifunga hesabu siku ileile. Nilimsomea kila mstari, alichopanga na alichotumia, na tulikuwa tumekosea mahali pawili tu, mshumaa na soksi. Kwa siku zilizobaki aliniambia niandike "chakula", nikaandika. Nilimuuliza kama safari ilikuwa na faida. Alisema yeye ni mfanyabiashara, na kama ingekuwa gunia la kahawa asingelinunua tena, lakini pia asingemrudishia mwenyewe.

Halafu akaniuliza mimi ningependa kwenda wapi. Nikajibu Makka, kama ambavyo Mwislamu yeyote angejibu.

"Hiyo ni ya dini," alisema. "Naulizia ya raha."

Niliendesha lori mpaka Kinyamaseke nikitafuta jibu, nikasimama kuongeza maji kwenye rejeta, bado sijalipata. Mwisho nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu. Alijibu hapohapo, kama mtu aliyekuwa na orodha yake kwa miaka.

"Entebbe. Nitazame ndege zikiruka. Siku mbili. Bila mama yako."

Tulikwenda mwaka uliofuata, siku moja, pamoja na mama yangu. Tulikaa kwenye nyasi tukala mayai ya kuchemsha. Ndege ziliruka tatu. Mama yangu alizipenda sana, na jioni ilibidi tumsubiri kwa sababu alitaka kuona ya nne.