Vizibo vya Mpira Siku ya Ubatizo

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini mke wangu ameanza kuwasimulia majirani nusu nusu, basi heri niitoe mwenyewe nzima, mcheke mmalize.

Nilikuwa namtaka Mwikali, binti wa mchungaji wetu hapa Kwa Vonza, na mzee alikuwa ameapa hatapokea mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, kutoka kwa mtu ambaye hajazamishwa majini akabatizwa na kuacha dansi. Maji hayakunisumbua (nilijifunza kuogelea nikifanya kazi Mombasa, na kila Jumamosi nilikuwa nalikata silanga letu, lile bwawa la mifugo, ukingo hadi ukingo, mbuzi wakinishangaa). Dansi ndiyo ilinishinda. Kila mwezi nikasema mwezi ujao.

Sasa Bwana Swaleh, mwenye duka la redio Kitui mjini, akaniletea redio za kaseti zisizoingia maji! Alitumbukiza mbili kwenye karai, ya kijivu na ya manjano, na zote zikaendelea kuimba, nami nikaruka kama mtoto.

"Chukua ya kijivu," akasema. "Muziki utasikia, na ukiitwa utasikia pia. Hii ya manjano inaimbia ndani ya vizibo hivi vya mpira, ukivivaa hata ng'ombe akilia kando yako hujui."

Nani anataka kuitwa akiwa majini? Nikabeba ya manjano mbio mbio.

Jumamosi nikaifunga kiunoni, nikatia vizibo masikioni na kuvibana kwa kitambaa cheupe, nikaingia. Jamani, utamu! Gitaa linalia, mimi nakata maji, naenda narudi, macho nimefumba, mpaka nikagonga tumbo la mtu. Nikasimama. Lilikuwa tumbo la mchungaji! Mto wao ulikuwa umekauka, wakaja kubatiza silangani, na nyuma yake wamepanga foleni watu wenye vitambaa vyeupe kichwani kama changu.

Mzee alinikumbatia. Midomo yake ilicheza, mimi nasikia gitaa tu, na ukingoni Mwikali analia kwa furaha. Ningesema nini? Kila mara mzee aliponyamaza nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo (na wanasema nilikuwa nafuata mdundo kabisa). Akanizamisha. Nilipoinuka kitambaa kilikuwa kimetoka, na kizibo kinaning'inia begani.

"Mchungaji," akaita Susu Kalunde, bibi kizee wa kwaya, "huyo mtu anatoa gitaa!"

Mzee akakichukua kizibo, akakitia sikioni mwake. Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Mwikali alifunika uso, nami nikajua mke nimemkosa.

"Nimekuuliza kama umeacha dansi," akasema, "ukaitikia ndiyo mbele ya kanisa."

"Ndiyo, baba," nikajibu.

"Basi iache." Akanyoosha mkono, nikaifungua redio kiunoni nikampa. "Mbuzi lete."

Mwikali ndiye huyo anawachekesha huko jikoni. Redio hadi leo iko kwa baba mkwe, anasema ni ya nyimbo za kwaya wakati wa kupalilia, ingawa kaseti yangu hakunirudishia, na juzi nilimwamkia shambani mara tatu asinisikie, kiuno kinacheza na jembe. Mimi nimeapa: sikio moja daima litakaa wazi.